Timu Iliyokataa Kusimama

Asubuhi yangu ya kwanza kama msimamizi wa timu ninayoiongoza hadi leo, nilitangaza kikao cha kusimama saa mbili unusu, mbele ya dirisha la ofisi yetu iliyo ghorofa ya nne huko Upper Hill, Nairobi. Walifika watu wanne kati ya tisa. Wote wanne walivuta viti wakaketi, wakaniangalia kwa adabu kubwa, nami nikabaki nimesimama peke yangu kama mhubiri wa kwenye basi. Watano waliobaki, kama nilivyokuja kujua, walikuwa bado kwenye foleni ya magari, wengine Barabara ya Mombasa na wengine Lang'ata.

Timu hii hutengeneza programu ya kusimamia mikopo ya sacco. Wakati wa mahojiano, mkurugenzi alikuwa amenieleza kwamba kazi yangu kubwa itakuwa kuwaingiza watu hawa katika Ajaili, yaani mtindo wa kutengeneza programu kwa mizunguko mifupi huku mteja akishirikishwa, kwamba jaribio la kwanza lilikuwa limeshindikana, na kwamba sababu ya kushindikana ilikuwa ukaidi wa wenyewe. Nililipokea neno hilo bila kulichunguza, kwa kuwa lilinipa kisingizio mapema iwapo nami ningeshindwa.

Jambo la kwanza nililofanya baada ya asubuhi ile, ambalo bado naona kuwa ndilo lililookoa kazi yote iliyofuata, lilikuwa kukifuta kikao hicho. Kwa wiki tatu sikulitaja neno Ajaili. Niliketi kando ya kila mmoja kwa nusu siku, nikatazama kazi inavyomfikia, inakokwama, na anamwendea nani inapokwama. Mwishoni nilimuuliza kila mmoja swali moja tu: mara ya kwanza mlipoletewa mambo haya, yalikuwaje?

Majibu yao yalifanana mno kuweza kuitwa ukaidi. Miaka miwili kabla yangu, aliletwa mshauri aliyewafundisha kwa siku tano kisha akaenda zake, akaacha nyuma ratiba ya vikao vya Skramu, utaratibu mmojawapo wa Ajaili. Kikao cha asubuhi kikageuka kuwa orodha ya mahudhurio, na kila aliyechelewa alitozwa shilingi 200 zilizotiwa ndani ya kopo la majani ya chai, hata kama alitoka nyumbani Kitengela kabla ya alfajiri. Kibaya zaidi yalikuwa yale ya pointi. Pointi ni makadirio ya ukubwa wa kazi ambayo timu nzima huyafanya kwa pamoja ili ijue inaweza kubeba kiasi gani katika kipindi kimoja. Hazikukusudiwa kamwe kumpima mtu binafsi. Hapa zilijumlishwa kwa jina la kila mtu, na mwisho wa mwaka zikaletwa mezani wakati wa kujadili nyongeza ya mshahara. Matokeo yake yangeweza kutabiriwa na yeyote: kazi ya pointi mbili ikaanza kuandikwa nane, na yule aliyekuwa na desturi ya kuwasaidia wenzake akaonekana kuwa mvivu kuliko wote, kwa sababu msaada haukuwa na kadi, ile karatasi ndogo inayoandikiwa kila kazi.

Kijana wetu wa programu za simu, ambaye mwisho wa wiki hucheza raga katika safu ya mbele ya klabu moja hapa jijini, aliniwekea jambo hilo wazi kuliko mtu mwingine yeyote. “Bosi,” aliniambia, “skramu ninayoijua mimi ni watu wanane walioshikana mabega wakisukuma upande mmoja. Ile tuliyoletewa hapa ilikuwa watu tisa wanaomtazama mmoja akihojiwa.”

Nilimjibu kwamba yeye yuko karibu na asili ya jina hilo kuliko mshauri aliyewafundisha. Mwaka wa 1986, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka waliandika katika jarida la Harvard Business Review kuhusu kampuni kama Honda na Canon zilivyokuwa zikiunda bidhaa mpya. Wakasema kwamba mtindo wa zamani, ambapo kila idara humaliza sehemu yake kisha kuikabidhi idara inayofuata, unafanana na mbio za kupokezana kijiti, ilhali kampuni hizo zilicheza kama timu ya raga inayosonga uwanjani kwa pamoja huku ikipasiana mpira. Jeff Sutherland na Ken Schwaber walilichukua jina la Skramu, na mwaka wa 1995 wakauwasilisha utaratibu wao katika mkutano wa kitaaluma huko Austin, Texas. Ile ilani ya Ajaili yenyewe iliandikwa Februari 2001 na watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, na la kwanza kati ya mambo manne waliyoyatanguliza ni kwamba watu na jinsi wanavyohusiana wana thamani kuliko taratibu na zana. Timu yangu ilikuwa imefikiwa na taratibu na zana peke yake, zikiwa na kopo la faini juu yake.

Aliyekuwa mgumu kuliko wote alikuwa msimamizi wetu wa hifadhidata, mtu ambaye hajafika miaka 50 lakini ambaye ofisi nzima humwita Mzee. Nilipomgusia habari ya kufikisha kazi kwa mteja kila baada ya wiki mbili badala ya kila baada ya miezi minne, hakupinga kwa nadharia. Alifungua droo, akatoa daftari la shule lenye jalada la buluu, akaniuliza, “Dada yangu, ni nani atakayekuwa hapa Jumamosi usiku?”

Ndani ya daftari hilo mlikuwa na hatua 27 za kupandisha toleo jipya la programu kwenye seva za wateja, zilizoandikwa kwa mkono wake, nyingine zikiwa zimepigiwa mstari mwekundu pale zilipowahi kumletea maafa. Kwa kuwa sacco nyingi hufungua Jumamosi asubuhi, kazi hiyo aliianza jioni yake na kuimaliza saa saba au saa nane usiku, kisha akatafuta teksi ya kumrudisha nyumbani. Mara tatu kwa mwaka alikuwa tayari kuivumilia. Mimi, nikiwa na vitabu vyangu, nilikuwa nimemjia na pendekezo la kumnyang'anya kila Jumamosi ya pili ya maisha yake, nikaliita pendekezo hilo maendeleo.

Hapo ndipo nilipoelewa tunapopaswa kuanzia. Kwa wiki sita hatukuwa na kikao chochote kipya wala kadi wala pointi. Tulishughulika na lile daftari. Kila hatua iliyowezekana kuandikiwa amri ya kompyuta iliandikiwa. Tulichukua mikopo 40 ya zamani ambayo riba yake, inayokokotolewa kwa salio linalopungua, ilikuwa imehakikiwa kwa mkono na mkaguzi wa hesabu, tukaigeuza kuwa majaribio yanayojiendesha yenyewe kila mtu anapobadilisha msimbo, yaani maandishi ya programu. Mkurugenzi alinung'unika, na alikuwa na haki ya kunung'unika, maana kwa mwezi mmoja na nusu hapakuwa na kitu kipya cha kumwonyesha mteja. Mwishoni mwa muda huo tulipandisha toleo siku ya Jumatano saa nane mchana, kwa dakika 11. Mzee aliitazama skrini hadi mwisho, mkono wake ukiwa juu ya daftari, kisha akasema atalihifadhi kwanza, kwa sababu haziamini mashine. Bado analo.

Niruhusiwe kusema hapa kwamba wengi wanaofundisha Ajaili mjini hapa hufundisha vikao, kwa sababu vikao ni rahisi kufundisha katika ukumbi wa hoteli. Lakini Kent Beck na wenzake, walipokuwa wakiusambaza mtindo wao wa Extreme Programming mwishoni mwa miaka ya 1990, waliyaweka majaribio na kuunganisha kazi mara kwa mara katikati kabisa ya utaratibu. Mizunguko mifupi bila kazi hiyo ya kiufundi hugeuka kuwa njia ya kuyaleta maumivu ya miezi minne kila baada ya wiki mbili, na timu inayokataa mpango wa aina hiyo inatumia akili.

Baada ya Mzee kupata Jumamosi zake, upepo ulibadilika kidogo, kwa kuwa wenzake walimwamini yeye kuliko walivyoniamini mimi. Ndipo nikaleta ubao. Tulibandika utepe wa karatasi ukutani tukagawa safu nne: zinazosubiri, zinazoandikwa, zinazopimwa, na zilizomfikia mteja. Kisha nikaomba kila mtu aandike kwenye karatasi za kunata kila kazi aliyokwisha kuianza. Zilipatikana kazi 31 kwa watu tisa, na 19 kati ya hizo zilikuwa zimelundikana katika safu ya upimaji, ambako tuna binti mmoja tu. Kwa mwaka mzima alikuwa amesema kwamba amezidiwa, na kwa mwaka mzima alikuwa ameshauriwa ajipange vizuri. Siku hiyo hakusema neno. Wenzake walisimama mbele ya ukuta ule kwa muda, mmoja akamletea kiti.

Mbinu hiyo ya kadi ina asili yake katika viwanda vya Toyota, ambako Taiichi Ohno na wenzake walitumia kadi, ambazo Wajapani huziita kanban, kuhakikisha kwamba hakuna kipuri kinachotengenezwa kabla ya hatua inayofuata kukihitaji. Nguvu yake haimo katika kadi bali katika kikomo, na kikomo ndicho kilichotuletea mabishano. Niliposema kwamba safu ya upimaji isizidi kadi nne, waandika programu waliniuliza watafanya nini wakimaliza kazi zao na kukuta imejaa. Nilitafuta maneno ya kitabuni yakanipotea, na ni yule binti wa upimaji aliyejibu: “Mnakumbuka matatu kabla ya Michuki?”

Msomaji ambaye hakuishi Kenya miaka hiyo huenda asielewe kwa nini chumba kizima kilicheka. Kabla ya Februari 2004, wakati waziri wa uchukuzi John Michuki alipoanza kutekeleza kanuni zake za mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na idadi ya abiria, matatu haikuwahi kujaa. Daima palikuwa na nafasi ya mmoja zaidi, hata kama huyo mmoja angesafiri amejikunja juu ya magoti ya watu asiowajua. Kanuni zilipoanza, gari la viti 14 likawa linabeba watu 14, na aliyekuta limejaa akasubiri jingine. Tangu siku hiyo kikomo chetu kinaitwa Michuki. Safu ya upimaji ina viti vinne, na anayeikuta imejaa haanzi kazi mpya. Anakwenda kumsaidia aliyemo ndani ashuke. Waandika programu wawili walichukizwa, kwa kuwa waliuona upimaji kama kazi ya chini yao, na mmoja wao hakuificha chuki hiyo hadi alipopima kazi aliyoiandika mwenyewe akakuta kwamba mwanachama aliyekwisha kulipa mkopo wake wote bado anatumiwa ujumbe wa kudaiwa.

Kikao cha asubuhi kilirudi kwa mlango wa nyuma. Watu walianza kukusanyika mbele ya ubao muda mfupi kabla ya chai ya saa nne, wakiulizana nani anamsaidia nani, hivyo tukakubaliana kwamba huo ndio uwe wakati wake. Kwa kawaida hutuchukua dakika kumi, na hatujawahi kuzivuka zile 15 zinazowekwa na mwongozo wa Skramu, kwa sababu anayerefusha maneno anawacheleweshea wenzake chai. Anayetaka kuketi huketi. Hatuulizani yale maswali matatu ya jana nilifanya nini, leo nitafanya nini, nini kinanizuia, ambayo hata mwongozo wenyewe uliyaondoa katika toleo la mwaka wa 2020. Tunausoma ubao kuanzia upande wa mteja tukirudi nyuma, na kwa kila kadi tunauliza inahitaji nini ili isogee.

Kilichowageuza waliobaki hakikuwa ubao, bali mama mmoja mweka hazina. Ni mweka hazina wa sacco ambayo ni mteja wetu wa muda mrefu, na kabla ya hapo timu ilimjua kama jina lililokuja chini ya barua za malalamiko. Mwaka uliotangulia walikuwa wamefanya kazi miezi tisa wakifuata waraka wa kurasa 140, wakamkabidhi sehemu ya wadhamini wa mikopo, naye akaikataa. Katika sacco, kwa kawaida mwanachama huweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, na wanachama wenzake humdhamini kwa akiba zao wenyewe, hivyo swali la nani anamdhamini nani na kwa kiasi gani ndilo roho ya programu nzima. Ndani ya ofisi yetu kukataa kwake kulielezwa kuwa ni kigeugeu cha wateja.

Nilimwomba aje Ijumaa moja alasiri aone sehemu ndogo tuliyoiandika upya kwa wiki mbili. Alikuja na leja yake kubwa ndani ya mfuko wa sokoni, akakataa kuketi mbele na mkurugenzi, akavuta kiti kando ya kijana aliyeandika msimbo. “Mwanangu,” alimwambia, “huyu mdhamini amestaafu mwezi uliopita na anataka akiba yake. Sasa nifanye nini hapa?” Kijana alionyesha kitufe cha kumbadilisha mdhamini. Mama akatikisa kichwa, akafungua leja, akaonyesha kwamba anayestaafu mara nyingi huachiliwa sehemu tu ya dhamana kulingana na kiasi cha mkopo kilichokwisha kulipwa, na wadhamini waliobaki ndio wanaogawana iliyosalia, iwapo watakubali kwa maandishi. Katika kurasa zote 140 jambo hilo lilikuwa na sentensi moja, na sentensi yenyewe ilikuwa na makosa, kwa kuwa iliandikwa na mtu wa mauzo.

Kijana alirudi kwenye meza yake akaianza kazi hiyo jioni ile ile bila kuagizwa na mtu. Jumatano iliyofuata ilikuwa mikononi mwa mama, naye akapiga simu, ya kwanza ambayo timu iliwahi kupokea kutoka kwake isiyo ya malalamiko. Tangu hapo huja kila Ijumaa ya pili, na wakati mwingine hutuletea njugu. Nimewaona watu waliokataa kusimama dakika kumi wakibaki ofisini hadi saa kumi na mbili jioni wakibishana naye kuhusu makato ya mshahara.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo mambo yalikwenda sawa, lakini mwezi wa tano nilifanya kosa lile lile nililoajiriwa kulirekebisha. Mkurugenzi aliniomba takwimu za kupeleka kwa bodi, nami, kwa kutaka kupendeza, nikahesabu kadi ambazo kila mtu alikuwa amezimaliza, nikachora chati yenye majina. Sikuibandika ukutani, niliiacha tu kwenye mashine ya kuchapia. Jumatatu ubao ulikuwa umejaa kadi ndogo ndogo za nusu saa, na kikao cha kabla ya chai kilikwisha kwa dakika mbili bila mtu kuomba msaada. Mzee alinijia na kunirudishia karatasi yangu akiwa ameikunja mara nne. Niliichana mbele ya timu, nikaomba radhi, nikamwandikia mkurugenzi kwamba nitampa muda unaopita tangu kazi ianze hadi imfikie mteja, kwa timu nzima, na si kingine. Kimya kile kilichukua wiki tatu hivi kuondoka, na sidhani kama kimeondoka chote.

Kuna mambo ambayo hayakushika kabisa na nimeacha kuyalazimisha. Pointi hazijarudi, tunajitahidi kuzipasua kazi ziwe za siku mbili au tatu, kisha tunahesabu kadi, na makadirio yetu hayajawa mabaya kuliko ya awali. Kikao cha kutazama nyuma, ambapo timu hujadili jinsi ilivyofanya kazi, tulikianza kila baada ya wiki mbili tukaona watu wanatunga malalamiko ili wawe na la kusema, kwa hiyo sasa kinafanyika mara moja kwa mwezi, na kila mara tunachagua jambo moja tu la kubadilisha.

Lililo gumu zaidi liko nje ya chumba chetu. Mikataba yetu bado inaandikwa kwa mtindo wa zamani, waraka mzima kwanza na malipo kwa awamu tatu, hivyo kila mteja anapogundua jambo jipya tunalazimika kuchagua kati ya kumsikiliza na kulipwa. Kwa mteja mpya wa mwaka huu nimependekeza kifungu kinachomruhusu abadilishe kazi yoyote isiyoanzwa kwa nyingine inayolingana nayo kwa ukubwa, bila gharama ya ziada. Mkurugenzi alikubali baada ya kumsikia mama mweka hazina akimsifu mbele ya wageni. Wakili wa mteja anauliza “inayolingana” itapimwa na nani, na kusema kweli ni swali zuri. Rasimu iko kwake tangu mwezi uliopita.